Moto wa Mlango wa Nyuma

Asubuhi moto ulipoanza, Shemasi alikuwa amechuchumaa kwenye uwanja wa kituo cha zimamoto, anakunja mpira wa maji. Mpira wa maji haukunjwi ovyo. Unatandazwa wote, unapitishwa begani ili maji yaliyobaki yatoke, kisha unakunjwa mara mbili na kuviringishwa kuanzia kwenye kunjo, ili ncha zote mbili zibaki nje. Kwenye moto hakuna mtu mwenye nafasi ya kutafuta ncha. Shemasi aliifanya kazi hiyo taratibu huku anaimba pambio kwa pua, na wenzake walikuwa ndani wanakunywa chai.

Kanisani hakuwa shemasi hata kidogo. Alikuwa mpanga viti. Jina alipewa na Dereva wa gari la zimamoto, kwa sababu kila walipoitwa, kabla gari halijatoka, alishika bampa na kuomba. Yalikuwa maombi mafupi, maana king'ora hakisubiri amina. Dereva alimtania kwamba iko siku ataomba mpaka nyumba ya watu iishe. Lakini mara moja Shemasi alipokuwa likizo, Dereva alionekana ameinama na mkono kwenye bampa, na alipoulizwa akasema anakagua taa.

Zamani Shemasi alitaka kuwa mchungaji. Akajaribu kuhubiri mbele ya vijana wa kanisa, ulimi ukamgandia kwenye kaakaa, akasimama pale anatokwa jasho mpaka mwimbishaji alipomwonea huruma na kuanzisha wimbo. Mchungaji alimwita baadaye akamwambia kwa upole, "Mwanangu, wako wanaohubiri kwa mdomo, na wako wanaohubiri kwa ngazi." Wiki iliyofuata akajiandikisha zimamoto. Aliamini ameitwa. Jambo pekee lililomsumbua ni kwamba hajawahi kusikia sauti ikimwita, na watu wengine kanisani, hata yule muuza mkaa, walikuwa wameisikia.

Alikuwa na mazoea mawili ambayo nyumbani kwake yalikuwa kichekesho. La kwanza, hakufungua mlango wowote kabla ya kuugusa kwa mgongo wa mkono. Ndivyo wazimamoto wanavyofundishwa: mlango ukiwa wa moto, nyuma yake kuna moto, na ukiufungua umeukaribisha. Na mkono ukiungua, bora uungue mgongo, kiganja kibaki cha kushikia kazi. Shemasi aliugusa mlango wa choo, mlango wa kabati la vyombo, mlango wa kanisa. La pili, hakufanya jambo bila kuomba ruhusa. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alipenda kuwasimulia wageni kwamba mumewe alipotaka kumposa, alimwomba ruhusa baba yake, mjomba wake, mchungaji na Dereva wa zamu, halafu mwisho kabisa ndipo akakumbuka kumuuliza mwenyewe.

"Kuuliza si ujinga," Shemasi alikuwa akijibu.

"Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo," alisema mkewe.

Mama Pacha alikuwa fundi katika kiwanda cha kushona kilichokuwa mitaa miwili kutoka kituoni. Ilikuwa karakana moja ndefu yenye safu za cherehani, madirisha ya nondo yaliyo juu, na milango miwili. Mlango wa mbele ulipitia stoo iliyojaa marobota ya vitambaa, kisha ofisi ya Bosi. Mlango wa nyuma, wa mbao nene, ulitokea moja kwa moja uwanjani penye bomba la maji. Mlango huo ulifungwa kwa nje kwa kufuli tangu wanawake walipoingia kazini mpaka walipotoka. Bosi alisema vitambaa vina miguu, na yeye alichoka kuvikimbiza.

Ndiyo huo mlango uliowaka.

Mlinzi wa geti ndiye aliyepiga simu. Alisema kwa utulivu kuwa mlango wa nyuma wa kiwanda unaungua, isipokuwa hauungui. Mkuu wa kikosi akamwambia achague moja. Mlinzi akafikiri kidogo, akasema, "Unawaka. Hilo nina hakika nalo." Shemasi alilishika bampa kwa mikono yote miwili, kwa kuwa alijua nani yuko nyuma ya mlango huo. Aliomba maneno mawili tu gari likaondoka.

Moto ulikuwa umeushika mlango wote kuanzia kizingiti hadi juu, rangi ya chungwa lililoiva, bila moshi, bila kutoa mlio. Mbao zilionekana wazi ndani yake, rangi yake ya bluu iliyofifia haikuwa na hata lengelenge. Wakafungua maji. Walimwaga tangi zima. Moto ulilowa, ukatiririka maji kama nguo iliyoanikwa, ukaendelea kuwaka. Mlinzi wa geti alilalamika kuhusu tope.

"Siku zote dalili ya moto ni moshi," Dereva alisema akijikuna kisogo. "Huu umekuja bila barua."

Shemasi alivua glavu, akaweka mgongo wa mkono kwenye mlango, ndani ya moto. Ulikuwa baridi, baridi ya mtungi uliowekwa kivulini.

"Mama Pacha!" aliita.

"Nipo," mkewe alijibu kutoka ndani. "Mmemaliza kutumwagia maji? Yanaingia chini ya mlango, yanalowesha majoho."

Walikuwa wanashona majoho ya kwaya, oda kubwa, rangi ya zambarau. Ndani, wanawake walikuwa wameuona mwanga ukipenya kwenye nyufa za mlango, na waliokaa safu ya nyuma walishukuru, kwa sababu taa ya upande wao iliungua zamani na hakuna aliyeibadilisha. Sasa waliweza kutunga uzi bila kukodoa macho.

Mkuu wa kikosi alizunguka mlango kwa upande aliouweza. Alikuwa mtu wa haki na mtu wa kanuni, na aliamini kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja. Kanuni ilisema moto usiozimika hauachwi peke yake. Anabaki mtu wa lindo mpaka uzimike. Akamtazama Shemasi, akamwambia atafute kigoda. Gari likarudi kituoni. Shemasi akakaa uwanjani, kando ya bomba, na mkasi mkubwa wa kukatia kufuli miguuni pake, kwa sababu mtu wa lindo haachwi bila kifaa.

Ilipofika saa ya chakula cha mchana cherehani zilinyamaza. Wanawake walikula ndani, kama kawaida. Hapo ndipo moto ulipomwita Shemasi kwa jina lake la ubatizo, ambalo hata Dereva hakulijua. Ulimwita mara mbili. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya muuguzi anayemwita mgonjwa anayefuata.

"Naam, nipo," Shemasi alisema, akasimama.

"Fungua mlango," moto ulisema.

Moyo wake ulijaa furaha mpaka akaona haya. Miaka yote ile aliyopanga viti, miaka yote aliyomsikia muuza mkaa akishuhudia. Aliliangalia kufuli, akauangalia mkasi.

"Ngoja kwanza nikaombe ruhusa," alisema.

Akauacha mkasi kwenye kigoda, akaenda kituoni.

Mkuu wa kikosi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Mlango wa mtu unavunjwa pale moto unapotishia maisha," alisema. "Huu unamtishia nani?"

"Hautishii mtu, Mkuu. Lakini umesema nifungue."

"Nani kasema?"

"Moto."

Mkuu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Moto hauna cheo hapa, Shemasi. Ungekuwa na cheo hata kidogo, ningekuruhusu."

"Na kufuli je, Mkuu? Watu wamefungiwa."

"Kufuli si idara yetu. Idara yetu ni moto."

Bosi naye hakumfukuza. Alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu la kuchoka, na kikombe cha chai hakikumtoka mkononi. Alisema mlango ni wake, kufuli ni lake, na kama moto una shida naye basi uje ofisini kama watu wengine. Tena, akaongeza, tangu moto uanze kuwaka hakuna hata kibaka mmoja aliyesogelea ukuta wa nyuma.

Ikabaki kwa Mchungaji. Alikuja mwenyewe jioni ile, mzee mwembamba, akasimama mbele ya mlango kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu. Alikumbuka, kama alivyokumbuka Shemasi, kile kijiti cha nyikani kilichowaka bila kuteketea.

"Hapa ni mahali patakatifu," Mchungaji alisema, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Baba Mchungaji, moto umeniambia nifungue."

"Nakuamini, mwanangu. Wewe si mtu wa maneno mengi, hungeweza kubuni. Lakini je, umeambiwa ufungue lini?"

Shemasi akafikiri. "Haukutaja siku."

"Basi tuutafute wakati wa Bwana kwa maombi," alisema Mchungaji, akavaa viatu vyake. Jumatano akaja na kanisa zima.

Usiku wa siku ile ya kwanza, kufuli likiwa bado limefungwa kwa kuwa mlinzi hakuthubutu kutia mkono ndani ya moto, Mama Pacha alikuwa nyumbani anawaosha pacha miguu kabla ya kulala. Walikuwa wasichana wa miaka sita, na kila mmoja alisisitiza mguu wake ndio mchafu zaidi. Shemasi alimsimulia mkewe yote, sauti, Mkuu, Bosi, Mchungaji. Alisimulia kwa fahari kidogo, maana hatimaye ameitwa. Mama Pacha aliendelea kusugua visigino.

"Umeambiwa fungua," alisema, "ukaenda kuomba ruhusa."

"Sasa ningefanyaje? Ni mali ya mtu."

Mkewe aliwafuta pacha miguu, akawapeleka kitandani, akarudi. Akakaa mbele yake na taulo bado mikononi.

"Nikwambie kitu, Baba Pacha. Mwezi uliopita pasi iliachwa juu ya joho. Likashika moto. Moto wenyewe huu tunaoujua, wenye moshi. Robota lililokuwa karibu likashika, na hilo robota liko kwenye njia ya kwenda mbele. Tukakimbilia mlango wa nyuma wote. Tukaugonga. Mlinzi alikuwa geti la mbele anasikiliza mpira kwenye redio. Tulisimama pale tumebanana, wengine wanakohoa, mmoja mwenye mimba akaanguka. Mimi nilikuwa wa mbele kabisa, nimebanwa kwenye mbao. Unajua nilifanya nini? Niliugusa ule mlango kwa mgongo wa mkono. Kama mjinga. Nilikuwa nakuwaza wewe."

Shemasi aliutazama mgongo wa mkono wa mkewe.

"Tuliuzima kwa maji yetu ya kunywa na chai. Bosi akatwambia funika kombe mwanaharamu apite. Tukafunika."

"Mbona hukuniambia?"

Mama Pacha alikunja taulo mara mbili kabla ya kumjibu. "Ningekuambia, ungeenda kuomba ruhusa."

Yeye hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, lisingemuuma vile. Shemasi alikaa pale hadi chai yake ikapoa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua amwombe Mungu nini, kwa sababu jibu alikuwa ameshapewa.

Asubuhi hakupitia kituoni kuaga. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, akashika ukingo wa kigoda kwa kuwa hapakuwa na bampa, akaomba, kisha akaingiza mikono yote miwili na mkasi ndani ya moto. Kufuli lilikatika kwa mlio mdogo. Alipolichomoa na kuvuta mlango, moto ukazimika wote kwa pamoja, hata jivu halikuwepo.

Wanawake walitoka. Hawakukimbia wala hawakushangilia. Walitoka kama watu wanaotoka ibadani, wakifumba macho kwa jua. Mmoja alikwenda kwenye bomba akanawa uso na shingo. Yule mwenye mimba aliketi chini akanyoosha miguu, akasema hajawahi kujua kwamba uwanja huu una upepo. Mama Pacha alisimama karibu na mumewe, kipimo cha fundi kikining'inia shingoni, akamtazama namna ambayo hakumtazama tangu siku ya harusi.

"Leo umemuuliza nani?" alimnong'oneza.

"Hakuna."

"Heee," alisema Mama Pacha, akacheka mpaka akashika kiuno.

Bosi alifika na kikombe chake. Akaliangalia kufuli lililokatwa, hakupiga kelele. Alimtuma mlinzi dukani, na mlinzi akarudi na kufuli jipya, nene kuliko la kwanza. Wakati huo Mkuu wa kikosi alikuwa amefika na gari, na Mchungaji alikuwa amekuja kwa maombi ya asubuhi pamoja na waumini kadhaa, wote wakiwa peku. Wanawake wakarudishwa ndani. Bosi akaufunga mlango, akabonyeza kufuli mpaka likalia.

Moto ukawaka.

Bosi akapiga funda la chai. Akaingiza ufunguo, akafungua kufuli, moto ukazimika. Akalifunga, ukawaka. Alifanya hivyo mara kadhaa, taratibu, kama mtu aliyenunua taa mpya anayejaribu swichi. Kila aliyekuwepo aliona. Mkuu aliona, Mchungaji aliona, mlinzi aliona, na Dereva, aliyekuwa juu ya gari na kwa hiyo aliona vizuri kuliko wote, alivua kofia yake ngumu na kuipakata.

"Vizuri," alisema Bosi hatimaye, akamgeukia mlinzi. "Sasa huna haja ya kuja huku nyuma kukagua. Hata ukiwa getini, ukiona unawaka, ujue kufuli limeshika."

Mlinzi alisema huo ni urahisi mkubwa, maana mguu wake mmoja ulikuwa unamsumbua.

Kisha Bosi akasema jambo lake la mwisho, akalisema kwa ukarimu, kama mtu anayekuonya kuhusu shimo barabarani. Kufuli hili likikatwa tena, safu yote ya nyuma ibaki nyumbani. Hagombani na zimamoto, wala hagombani na Mungu. Ni utaratibu tu. Akarudi ofisini kwake.

Mchana ule wanawake wa safu ya nyuma walijadiliana juu ya chakula chao, na wakamtuma Mama Pacha. Alikuja mlangoni, upande wa ndani.

"Baba Pacha."

"Nipo."

"Usilikate tena."

Shemasi alikuwa ameshika mkasi. Alidhani hakusikia vizuri, akausogeza uso karibu na mbao, moto ukamzunguka masikio.

"Mama Pacha, ni wewe uliyenicheka."

"Ni mimi. Na mwenzangu hapa analea wadogo zake peke yake, na huyu ana mimba, na yule mumewe kalazwa. Mwenye nguvu mpishe." Shemasi alisikia paji lake la uso likigusa mbao.  "Nisamehe. Jana nilikusema kwamba unaomba ruhusa. Leo naomba mimi. Usilikate mpaka nikwambie."

"Utaniambia lini?"

"Mgongo wa mkono wangu utakapokwambia, siku mlango huu utakapopata joto."

Alikaa kwenye kigoda. Alilia wazi, bila kujificha, na mlinzi wa geti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimletea maji kwenye kopo.

Maisha yakaendelea na moto ukiwemo. Kikosini uliitwa moto wa kudumu usio na madhara, ukatolewa kwenye hesabu ya matukio. Mkuu alimpa Shemasi lindo la moja kwa moja kama adhabu ya kuvunja mlango bila amri, na alipompa alimshika bega, akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kati ya wanaume aliowahi kuwaongoza hakuna anayemheshimu zaidi. Baadaye, hasira yake ilipopoa, akataka kumrudisha kwenye gari. Dereva alikuja kumchukua.

"Panda bwana. Bampa linakungoja. Mimi sina maneno yako, nikiomba naishia kwenye 'Baba yetu' halafu taa inageuka kijani."

"Mwambie Mkuu nashukuru," alisema Shemasi. "Nimeitwa huku."

Dereva akauangalia moto, akaliangalia kufuli ndani yake, jeusi, zima, linang'aa. "Si bora ukate tu, ndugu yangu, liwalo na liwe?"

"Nikikata, wanafukuzwa. Nisipokata, siku robota jingine likishika, sekunde za kunyanyua mkasi ndizo nilizo nazo. Kwa hiyo sitoki hapa."

 Dereva alimwachia nusu ya maandazi yake.

Jumatano na Jumapili, maana kwa wingi wa oda kiwanda hakikupumzika hata Jumapili, uwanja ulijaa. Watu walitoka mbali. Wagonjwa wa macho waliusogelea mwanga, na baadhi walisema wanaona vizuri zaidi. Watu walivua viatu, wakavirundika kando ya kigoda cha Shemasi, na kwa kuwa alikuwa mpanga viti kwa asili yake, akavipanga, viwili viwili, visigino vikitazama ukuta. Kwaya ilisimama mbele ya mlango ikiwa na majoho mapya ya zambarau. Waliimba vizuri. Ndani, wanawake waliposikia wimbo wanaoujua waliufuatisha kimoyomoyo huku miguu yao iko kwenye cherehani, na mmoja aliweza kusema kwa kuangalia chini ya mlango ni joho lipi alilolikunja pindo yeye mwenyewe.

Mchungaji alihubiri juu ya moto ule kwa majuma mengi. Alihubiri juu ya utakatifu, juu ya subira, juu ya nuru isiyoteketeza. Mara moja, katikati ya mahubiri, alisimama akiangalia kufuli. Waumini wakangoja. Shemasi, akiwa na kiatu cha mtu mkononi, alimtazama, na alijua anachokiona, kwa maana alikifahamu sana: ulimi wa mtu umegandia kwenye kaakaa. Jasho lilimtoka mzee wa watu. Mwimbishaji akamwonea huruma, akaanzisha wimbo.

Baada ya ibada Mchungaji alikuja kuchukua viatu vyake, akachelewa kuvifunga kamba.

"Wewe ungesema nini, mwanangu?" aliuliza bila kuinua uso.

"Mimi sijui kusema, Baba Mchungaji. Ningesema ulivyosema moto wenyewe."

"Fungua mlango."

"Ndiyo."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akamwekea Shemasi mkono kichwani, akambariki, akaenda zake. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya subira.

Moto haukusema tena. Shemasi alikuwa akiusubiri zamani, siku za mwanzo, saa ya chakula ilipofika na cherehani kunyamaza. Siku hizi hausubiri. Ameelewa kwamba uliosema umesema, na kwamba kuitwa mara moja kunatosha kama mtu hatoki mahali alipoitiwa.

Bosi aliing'oa ile taa mbovu ya safu ya nyuma pamoja na waya zake, kwa kuwa mwanga upo. Yule mwenye mimba alijifungua salama, akarudi kazini. Stoo imejaa marobota zaidi, maana oda za majoho zimeongezeka tangu makanisa mengine yaje kuuona mlango.

Kila asubuhi wanawake wanaingia kwa mbele, wanapita kando kando ya marobota, wanakaa. Mlinzi anabonyeza kufuli, moto unawaka, naye anarudi getini bila kugeuka. Shemasi anaweka kigoda mahali pake. Anapaka mafuta makali ya mkasi, anaufunga na kuufungua mara moja, anaulaza magotini. Kisha, kabla cherehani hazijaanza, anasikia hatua za mkewe zikija upande wa pili na kusimama.

Shemasi naye anasimama. Anavua glavu, anaingiza mkono ndani ya moto, anauweka mgongo wake kwenye mbao, usawa wa kifua chake, kwa sababu hapo ndipo bega la Mama Pacha linapofika. Upande wa ndani, naye anaweka wake. Siku za karibuni hayuko peke yake. Safu yote ya nyuma inasimama mlangoni kabla ya kazi, na kila mwanamke anaugusa mlango kwa mgongo wa mkono, mmoja baada ya mwingine, kama Mama Pacha alivyowafundisha.

"Leo je?" Shemasi anauliza.

Anasikia mikono ile ikigusa mbao, mmoja, mwingine, mwingine, hadi wa mwisho.

"Bado baridi," anasema mkewe. "Wewe upo?"

"Nipo."

"Haya."

Hatua zinaondoka, viti vinavutwa, na cherehani zinaanza.